Koko asianguke: mazoezi ya nyumbani yenye kusimamiwa kwa simu yanaweza kufaa hapa kwetu?

Ndani ya nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, kuko maneno yenye kila mjukuu anajua kusema: «Koko, ikala chini, utaanguka.» Mzee anataka kusimama achukue bidoni ya maji, mtoto anamnyang'anya. Anataka kutoka mpaka kwa jirani, wanamwambia angojee mtu wa kumsindikiza, na yule mtu haji. Tunafanya vile juu ya heshima na juu ya mapendo. Lakini miguu yenye haitumike inapoteza nguvu. Mzee mwenye tumemkalisha miezi sita juu ya kiti, usiku ule ataamka peke yake kwenda choo, njo usiku ule anaweza kuanguka kweli.

Dawa ya kuzuia kuanguka inajulikana tangu zamani kidogo: mazoezi ya kutia miguu nguvu na kufundisha mwili kusimama sawa, mara 3 kwa juma, nyumbani. Katika nchi zingine mazoezi yale yanasimamiwa kwa simu ao kwa tableti: mtaalamu yuko mbali, mzee yuko sebuleni kwake. Swali letu leo ni hili: hapa kwetu, mahali umeme unapotea, mtandao unakatika, na simu moja inatumiwa na nyumba nzima, njia ile inaweza kufaa?

Tunaona kwamba inaweza, lakini si kwa sura yenye inakuja nayo kutoka inje. Hapa kwetu simu haipashwe kumuunganisha mtaalamu na mzee mwenye yuko peke yake. Inapashwa kumuunganisha mtaalamu na mtu mwenye anasimama kando ya mzee. Tofauti ile inaonekana ndogo, lakini ndani yake kuko mambo yote: usalama, bei, na nani atafanya kazi.

Kifo chenye hakiitwe jina lake

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu 684 000 wanakufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Zaidi ya 80 kwa mia kati yao wanakufa katika nchi zenye kipato kidogo ao cha katikati. Kati ya ajali zote zenye si za makusudi, kuanguka ni sababu ya pili ya vifo, nyuma ya ajali za barabarani. Wenye kupoteza maisha zaidi ni watu wa miaka 60 na kuendelea.

Hapa kwetu kifo cha namna hii hakisemwe. Mzee anaanguka mbele ya jikoni, nyonga inavunjika, analala majuma na majuma, kifua kinaziba, anakufa. Kwenye matanga wengine watasema tansio ilipanda, wengine watanong'ona karuho, na wengi watasema tu: «Alikuwa mzee.» Hakuna mwenye atasema: alikufa juu ya kuanguka. Na jambo lenye halina jina, nani atalizuia?

Ardhi yetu yenyewe haisaidie. Goma tunatembea juu ya mawe ya volkano. Bukavu, kule Kadutu ao Bagira, vijia vinapanda na kushuka, na mvua ikinyesha udongo unakuwa kama sabuni. Choo iko inje, usiku hakuna taa. Na choo ya shimo inamdai mtu achuchumae kisha ainuke kwa nguvu ya mapaja yake mwenyewe, hakuna mahali pa kushika. Ongeza kukimbia: kwa miaka zaidi ya 30 wazee wa Kivu na Ituri wameamshwa usiku na risasi, wakashuka milima ndani ya giza na mtoto mgongoni. Katika safari ya namna ile, mwenye miguu yake imechoka ndiye mwenye kubaki nyuma.

Mfupa wa nyonga ukivunjika, mara nyingi unadai operesheni. Familia yenye haina pesa inamlaza mzee nyumbani ao inamwita muunga mifupa wa kienyeji. Kulala wakati mrefu kunaleta vidonda vya mgongoni, damu kuganda ndani ya mguu, na ugonjwa wa mapafu. Mwanzoni mwa 2025, wakati wa mapigano ya Goma na Bukavu, hospitali zilijaa majeruhi wa risasi na mabomu. Wakati kama ule, mzee mwenye ameteleza nyumbani kwake anakuja nyuma kabisa kwenye foleni. Kumzuia asianguke ni kumwepusha na hospitali yenye haina kitanda chake.

Utafiti ulionyesha nini

Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, ndani ya New Zealand, kati yao John Campbell na Clare Robertson, walitangaza matokeo ya jaribio juu ya wanawake 233 wa miaka 80 na kuendelea. Karibu nusu yao walitembelewa nyumbani na mtaalamu wa kinesiterapia, yule tunaita kwa kifupi «kine», mara 4 ndani ya miezi 2 ya kwanza. Aliwafundisha mazoezi, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Kisha pale walifuatiliwa kwa simu ili wasiache. Wengine walibaki na matunzo ya kawaida na kutembelewa kwa mazungumzo. Mwaka ulipoisha, kikundi chenye hakikufanya mazoezi kilikuwa kimeanguka mara 152. Kikundi cha mazoezi: mara 88.

Angalia vifaa vyenye walitumia: kiti, mahali pa kushikilia, na uzito mdogo wa kufunga kwenye kifundo cha mguu. Muda: dakika 30, mara 3 kwa juma, pamoja na kutembea. Hakuna mashine. Na simu ilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, simu ya kawaida ya kuongea.

Mwaka 2001 watafiti wale wale walitangaza jaribio lenye linatuhusu zaidi. Walijiuliza: kama hakuna kine wa kutosha, tutafanya nini? Walichukua muuguzi mwenye kutembelea wagonjwa nyumbani, mwenye hakuwa na mazoea ya kufundisha mazoezi. Wakamfundisha juma 1. Kisha kine aliendelea kumfuatilia kwa kumtembelea na kwa kumpigia simu. Wazee walikuwa 240, wa miaka 75 na kuendelea. Katika kikundi cha mazoezi kuanguka kulipunguka kwa 46 kwa mia.

Soma tena pale. Mtaalamu hakuwa mbele ya mzee. Alikuwa mbali, akimsimamia muuguzi, na muuguzi njo alikuwa nyumbani kwa mzee. Usimamizi wa mbali ulipita katikati ya wafanyakazi wawili wa afya, na ulifanya kazi.

Leo majaribio yamekuwa mengi. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti cha Cochrane kilikusanya majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23 000 na kuona kwamba mazoezi yanapunguza kuanguka kwa 23 kwa mia, ni kusema karibu robo. Tableti nayo imejaribiwa: ndani ya Australia, wazee 503 wa miaka 70 na kuendelea walifuatwa miaka 2 na programu yenye kuitwa StandingTall, wakiombwa kufika masaa 2 ya mazoezi kwa juma. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Kisha mwaka wa kwanza hakukuwa tofauti yenye kuonekana wazi. Kwa miaka 2 yote pamoja, kuanguka kulikuwa kumepunguka kwa 16 kwa mia. Maana yake: hata na tableti ya kisasa, anayetafuta matunda ya mwezi mmoja atakata tamaa.

Tusidanganyane. Majaribio mengi yalifanyika katika nchi zenye sakafu sawa, taa usiku na gari la wagonjwa lenye kuja mtu akiita. Hakuna mwenye anaweza kukuahidi kwamba hesabu ile ile itatoka Walikale ao Fizi. Lakini nyama ya mguu wa koko wa Walikale inajengwa namna moja na ya koko wa Dunedin: ukiifanyisha kazi inapata nguvu, ukiiacha inaisha.

Simu haina mikono

Sasa tuchukue mfano. Mjukuu yuko Kinshasa, anampenda koko yake mwenye yuko Uvira. Anaona video ya mazoezi ya wazee, anaituma kwa WhatsApp. Koko anaiangalia kwenye simu ya jirani. Kwenye video kuko mwanamke mwenye kusimama juu ya mguu mmoja. Koko anajaribu, peke yake, akishikilia kiti ya plastiki. Kiti inateleza.

Pale njo mahali penye ugumu wote wa jambo hili. Zoezi la usawa lenye halitikise mwili hata kidogo halifundishe mwili kitu. Lakini zoezi lenye kutikisa mwili linaweza kumwangusha mtu mwenye tunataka kuzuia asianguke. Kwa hiyo zoezi linapashwa kupimwa: gumu kidogo, si gumu sana, na ugumu uongezwe pole pole. Nani atapima? Video haione. Programu ya tableti inauliza maswali na inafuata majibu, lakini haimshike mtu akiyumba. Hata kine mwenye kuangalia kwa kamera kutoka Bukavu, ataona koko anaanguka Uvira na hatakuwa na la kufanya.

Kwa hiyo kila mazungumzo juu ya «mazoezi kwa simu» yanapashwa kuanza na swali moja: nani amesimama kando ya mzee? Kama jibu ni «hakuna mtu», basi mazoezi ya kusimama yasianze. Aanze na yale ya kukaa.

Simu, kwa upande wake, inajua kufanya mambo mengine. Inajua kukumbusha. Inajua kuuliza kila juma maswali manne: umefanya mara ngapi? Ulianguka ao ulikaribia kuanguka? Kuko maumivu mapya? Unashikilia kwa mikono miwili, kwa mmoja, ao haushike tena? Kwa majibu yale, mtu mwenye kujua kazi anaweza kusema: baki pale pale, ao ongeza, ao punguza, ao mlete kwenye kituo cha afya. Maswali yale hayadai intaneti. Simu ndogo ya vifungo inatosha. Kinachohitajika ni mayunite ya dakika chache na mtu mwenye kukumbuka kupiga.

Redio nayo ina mipaka yake, na tunaisema sisi wenyewe. Redio inafika mahali simu haifike, inaweza kuweka saa moja ya kila juma ili wazee wote wasimame pamoja. Lakini redio inasema tu, haisikie. Haijui kama koko wa Kalehe anapumua vibaya. Inaweza kualika na kukumbusha. Kusimamia, haiwezi.

Kufuatilia watu nyumbani tunakujua

Kuna wenye watasema: kumfuata mzee mmoja mmoja nyumbani, ile ni kazi ya nchi tajiri. Si kweli. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu wenye walikuwa wamekutana na mgonjwa walipashwa kufuatiliwa kila siku, kwa siku 21. Kulikuwa vita, kulikuwa kutoaminiana, kulikuwa hata mashambulizi juu ya waganga, lakini maelfu ya watu walitembelewa ao walipigiwa simu. Kazi ile ilifanywa na watu wetu, wengi wao wajumbe wa afya wa jamii, wale tunaita RECO. Beni na Butembo wanaikumbuka.

Wanakumbuka pia upande mwingine. Watu waliona magari mengi na pesa nyingi kwa ugonjwa mmoja, na wakati ugonjwa uliisha, magari yaliondoka na pesa iliondoka. Kama mazoezi ya wazee yatakuja kwa sura ile, na majile na tableti za mradi wa miezi 12, yatakwisha siku mradi utakwisha. Na tulishaona kwamba matunda ya kazi hii yanaweza kudai muda mrefu kuliko mwaka mmoja.

Tena tusimbebeshe RECO kila muzigo. RECO ni mtu wa kujitolea. Anahesabu watoto wa chanjo, anagawa vyandarua, anapima mikono ya watoto wenye utapiamlo. Kumwambia aongeze wazee 20 mara 3 kwa juma, bila kitu, ni kumtania. Kwa hiyo mnyororo wenye unaweza kushika ni huu:

Familia njo inasimama kando ya mzee, mara 3 kwa juma. RECO anafika mwanzoni na kisha mara moja kwa mwezi, kuona kama mahali ni salama na kama zoezi linafanywa vizuri. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule wanaita IT, ao msaidizi wake, anamuona mzee kabla ya kuanza, anaamua zoezi gani, na anapiga simu. Na kine mwenye yuko kwenye hospitali ya mji anawafundisha wauguzi mara moja, kisha anabaki kwenye simu yao wakati wanakwama. Kine mmoja hawezi kutembelea wazee mia tatu ndani ya milima. Lakini anaweza kubeba kwenye simu wauguzi kumi na tano.

Barabara zikifungwa na safari kati ya miji kuwa ngumu, kama tulivyoona tangu 2025, mnyororo ule hauvunjike kwa urahisi, juu watu wake wote, isipokuwa kine, wanaishi karibu na mzee.

Nani atalipa, na nani hataki kuona

Congo ina zone za afya zaidi ya 500, na kila moja iko na mpango wake wa mwaka. Wafadhili wanatia pesa kwenye magonjwa yenye yako na mstari wake: malaria, kifua kikuu, ukimwi, surua, kipindupindu. Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulianzia mwaka 2023 kwa uzazi wa bure, na ni sawa, juu mama na mtoto wanakufa kila siku. Lakini koko hana mstari. Hana mfadhili, hana ripoti, na mara nyingi hana hata jina la kile kinachomwua.

Lakini mambo matatu yanaweza kuanza bila kungojea pesa ya inje.

La kwanza ni kuuliza. Mwongozo wa dunia juu ya kuanguka, wenye ulitangazwa mwaka 2022, unataja maswali matatu mafupi ya kumuuliza kila mzee: umeanguka ndani ya miezi 12 yenye imepita? Unajisikia kuyumba wakati unasimama ao unatembea? Una woga wa kuanguka? Wazee wengi wanafika kwenye kituo cha afya juu ya tansio ao sukari. Maswali matatu yanachukua dakika moja. Na wakati ule ule muuguzi anaweza kuangalia vidonge: dawa za tansio zenye kipimo kikubwa na dawa za usingizi zinaweza kumfanya mzee ayumbe wakati anaamka. Macho pia: mtoto wa jicho unamfichia mzee jiwe la mbele yake, na mazoezi hayataondoa mtoto wa jicho.

La pili ni kuandika. Kama rejista ya kituo ingeandika «ameanguka» kama vile inaandika «malaria», kisha mwaka mmoja daktari mkuu wa zone angekuwa na hesabu ya kupeleka kwenye jimbo. Bila hesabu, tunabaki na matanga tu.

La tatu ni kutumia vikundi vyenye viko. Mutuelle za afya zinalipa operesheni wakati mfupa umekwisha kuvunjika. Dakika za simu za mwaka mzima ni kitu kidogo mbele ya operesheni moja. Wazee wanakutana tayari kwenye shirika za Kanisa Katoliki, kwenye vyumba vya sala, kwenye misikiti. Kusimama na kukaa mara kumi kisha sala hakumvunjie mtu imani.

Kuko pia kizuizi chenye hakitoke serikalini, kinatoka kwetu. Watu wanasema: «Wazee wetu wanalima, hawana lazima ya mazoezi.» Ni kweli kwa mwenye bado analima na kupanda mlima. Lakini wangapi wameacha shamba kwa ghafula juu ya vita, wakabaki ndani ya chumba kimoja cha kupanga mjini? Miguu yenye ilizoea mlima wa Masisi, ikikaa mwaka mmoja juu ya kiti ndani ya Goma, inashuka upesi.

Na kuko haya. Mama mzee hawezi kuinua mguu mbele ya mkwe wake. Kwa hiyo mwenye kusimama kando yake awe binti ao mjukuu mwanamke, mlango ufungwe, na kitenge kifungwe vizuri ili kisimkwaze. Mpango wenye hautafikiri jambo dogo kama lile utakataliwa bila mtu kusema juu ya nini.

Ukitaka kuanza nyumbani

Kabla ya yote, mpeleke mzee kwenye kituo cha afya kama ameanguka karibuni, kama anasikia maumivu ya kifua, kama anazirai, kama ana mguu wenye ulivunjika ao upande mmoja wa mwili umelegea. Kwa wengine, mnaweza kuanza hivi.

Tafuta kiti ya mti yenye haiyumbe, uiegemeze ukutani. Kiti ya plastiki, hapana. Mzee avae viatu vyenye kushika mguu, si kandambili. Wewe simama kando yake kidogo nyuma, mkono karibu na kiuno chake bila kumshika. Umwache afanye mwenyewe.

Akiwa amekaa, anyooshe goti moja mpaka mguu ulale hewani, aushushe pole pole, mara 10, kisha mguu mwingine. Kisha asimame kutoka kwenye kiti na kukaa tena, mara 5 kwa mwanzo, akisukuma kwa mikono kama ni lazima. Kisha, akishika meza ao dirisha kwa mikono miwili, ainuke juu ya vidole vya miguu na kushuka, mara 10. Kisha, akiendelea kushika, apeleke mguu upande, aurudishe. Mwisho asimame na mguu mmoja mbele ya mwingine kama anatembea juu ya kamba, ahesabu mpaka 10.

Mara 3 kwa juma, na siku ya kupumzika katikati. Kama dakika 30 zinamshinda, agawe: 10 asubuhi, 10 saa sita, 10 jioni. Maumivu kidogo ya misuli siku za kwanza ni kawaida. Kizunguzungu, maumivu ya kifua, ao kukosa pumzi, si kawaida: simama pale pale, nenda kwa muuguzi. Wakati kushika kwa mikono miwili kunakuwa rahisi kabisa, ashike kwa mmoja. Usimruhusu aache kushika juu tu anataka kukuonyesha kwamba ana nguvu. Wazee wetu wanapenda kuonyesha.

Kila mara andika alama moja ukutani ao kwenye kalenda. Kisha mwezi mmoja, RECO ao muuguzi akikuuliza, utakuwa na jibu. Kama mjukuu yuko mbali, Kinshasa, Kampala ao Ulaya, asitume video tu. Apige simu kila Jumapili kwa mwenye kusimama kando ya koko na aulize yale maswali manne. Na kama ametuma pesa ya chakula, aongeze mayunite.

Viongozi wa zone za afya, waganga wakuu na wenye mutuelle, tunawaachia swali kwenye meza yenu: katika mpango wenu wa mwaka kesho, neno «kuanguka» limeandikwa mahali gani? Kama halimo, kuliandika hakudai tableti hata moja.

Na kwetu sisi wa nyumbani, kesho asubuhi koko atataka tena kusimama achukue bidoni. Mpe bidoni ndogo, nusu ya maji, mtembee pamoja mpaka mlangoni. Mwambie: «Koko, simama, niko hapa kando.»